Siku Televizio Ilipokuja Kuona Roboti Yetu



Wengi wenu mulikuwa pale Siku ya Wazazi, kwa hiyo hatuwezi kuwadanganya. Mulijionea wenyewe. Roboti ya kundi letu la ufundi ilitoka kwenye alama, ikaenda mbele kidogo, ikageuka kushoto, kiisha ikaanza kuzunguka pahali pamoja sawa kuku aliyekatwa kichwa. Watu wa televizio walikuwa wamefika na kamera yao tangu saa tatu. Jioni sisi wa interna tulijaa mbele ya televizio ya chumba cha kulia, hata wapishi waliacha sufuria. Habari yetu ilikuwa fupi kuliko kusema Baba Yetu mara moja. Tuliona Baba Mchungaji akiomba, mkuu mmoja akikata kamba, na kijana wa shati nyeupe akisema Kifaransa kizuri mbele ya mikro. Nyuma yake roboti imelala ubavu. Halafu ikaja habari ya mpira.

Yule mwenye shati nyeupe ndiyo sisi tunaoandika hapa. Kama kapitene wa wanafunzi tulijichagua wenyewe kusema. Aliyeunga waya zote kwa lehemu, aliyetoa moteri katika mashini ya kuchapa karatasi iliyokufa, na kukaa usiku tatu na tochi juu ya kuandika programu, ni msichana wa kalasi ya tatu ya sayansi. Yeye alikuwa chini ya meza anashika batri. Kamera haikumuona.

Sasa kuna neno jipya. Bwana Prefe amekubali kwamba baada ya likizo ya Pasaka masomo mengine matatu ya mji yatakuja hapa na roboti zao, na anataka televizio irudi. Ametuomba tuandike jinsi mashindano yatakavyofanywa ili watu nyumbani wasifunge televizio. Tumefikiri mingi, na tunaona heri tuandike hapa mbele yenu wote, juu makosa ya kwanza tuliyafanya mbele yenu wote.

Tuanze na jua. Ile roboti haikuwa na ubaya. Iko na macho mawili madogo chini ya tumbo yanayotafuta mstari mweusi kwenye ubao mweupe: taa ndogo inatupa mwanga, rangi nyeupe inaurudisha, rangi nyeusi inaumeza, na kwa njia hiyo mashini inajua kama imeacha mstari. Ndani ya kalasi ilifuata mstari mara kumi na mbili bila kukosa. Lakini mwenye kamera alisema ndani kuna giza, picha haitakuwa nzuri, tupeleke meza uwanjani. Sisi tukasema ndiyo, bwana. Msichana akatuvuta mkono: "Kapitene, jua itaipofusha." Tukamjibu kwamba televizio haingojei mtu. Jua la saa nne la Lubumbashi likaingia chini ya roboti kutoka kila upande, macho yakaona nyeupe tu, na mengine munayajua. Kofia ya karatasi nyeusi kuzunguka yale macho ingetosha. Sasa iko nayo.

Lakini kama ingefuata mstari vizuri, je, watu wangeangalia? Hapa tunataka kusema habari ya nkambo wetu mmoja, mama ya baba, aliyekuja toka kijijini na kukaa kwenye benchi la mbele kwa heshima ya mjukuu wake. Aliuliza: "Ile kamashini inatafuta nini?" Tukamweleza macho, mwanga, programu. Akasikiliza mpaka mwisho kwa uvumilivu. "Nimesikia, mwanangu. Lakini inatafuta nini?" Tukasema inafuata mstari. "Kiisha inafika wapi?" Haikuwa inafika popote, mstari ulikuwa wa duara. Nkambo akasimama polepole, akaenda kuangalia mpira wa kalasi ya tatu na ya nne. Hajapiga mpira hata siku moja maishani mwake, lakini alipiga vigelegele pale pale nyavu zilipotikisika. Hakuna mtu aliyemweleza.

Jambo hilo lilitusumbua kuliko ile kuzunguka.

Mwalimu wetu wa fizikia ana filimu nyingi katika simu yake, akatuonyesha namna mataifa mengine wanavyofanya. Ya kwanza ni Japani. Kule televizio ya taifa, NHK, yenyewe ndiyo ilianzisha mashindano ya roboti mwaka 1988, kwa vijana wa vyuo vya ufundi ambao wanaingia na miaka 15 na kusoma miaka mitano. Profesa Masahiro Mori ndiye anayehesabiwa kuwa baba wa jambo hili. Mwaka ule wa kwanza kazi ilikuwa nyepesi kueleza: gari dogo la kubeba mtu mmoja, linalosukumwa na betri kavu. Kila mtu mwenye redio anajua betri kavu ina nguvu gani, kwa hiyo kila mtu anaweza kubishana nyumbani kama mtu atasogea ama hapana. Tangu hapo kila mwaka kazi inabadilika, na fainali inafanywa katika jumba la Kokugikan la Tokyo, pahali pa kupigania mieleka ya sumo. Ona vile walivyowaza! Roboti za watoto wa shule wanazipeleka pale ambapo watu wamezoea kukaa na kulia na kucheka juu ya mashujaa wao.

Tena kuna jambo moja tulilipenda sana. Zawadi ya juu kabisa kule si ya yule anayeshinda mchezo. Inaitwa zawadi kuu ya Robocon, na inaweza kwenda kwa kundi lililoshindwa, kama wazo lao lilikuwa zuri kupita mengine. Basi mtu anayeangalia nyumbani hawezi kufunga televizio eti kundi lake limetoka.

Kutoka mwaka 2002 wameongeza mashindano ya mataifa, chini ya umoja wa televizio na redio za Asia na Pasifiki. Kila nchi inayopokea wageni inachagua kazi, na wengi wanaichukua katika mambo ya babu zao. Mwaka 2010 ilikuwa Kairo, Misri, na roboti zilijenga piramidi. Mwaka 2019 ilikuwa Ulaanbaatar, kule Mongolia, roboti zikapokezana kibao cha mjumbe wa mfalme sawa vile wapanda farasi wa zamani walivyofanya, na ile ya mwisho ilikuwa na miguu minne. Mwaka 2022 Wahindi walileta mchezo wa watoto wao wa barabarani, ule wa kupanga mawe saba na kuyaangusha kwa mpira. Tulipoona filimu hiyo wadogo wa kalasi ya saba waliokuwa wakichungulia dirishani wakaanza kupiga kelele "Angusha! Angusha!" Hawakujua neno moja la mtangazaji. Hapo tukaelewa nkambo aliuliza nini. Mchezo unampa mtu swali, na macho yake yanalijibu mbele ya mashini kulijibu. Akikosa anacheka, akipata anajisifu. Duara letu halikumuuliza mtu kitu.

Wamarekani nao wana njia yao. Dean Kamen, mvumbuzi, aliunda chama kinachoitwa FIRST mwaka 1989, na mashindano ya kwanza yalifanywa 1992 katika ukumbi wa michezo wa shule moja ya mji wa Manchester, jimbo la New Hampshire, makundi 28. Alitaka vijana wa sayansi washangiliwe kama wachezaji. Aliyemsaidia, Profesa Woodie Flowers, alikuwa mwalimu katika chuo cha MIT. Kule alikuwa anawapa wanafunzi mifuko yenye vitu vilevile, kila mmoja atengeneze mashini yake, kiisha wapambanishe. Kelele katika ukumbi wa FIRST inapita kanisa la Krismasi. Lakini tuseme kweli yetu: katika simu tulipotea. Tangu 2005 roboti ziko tatu kwa tatu uwanjani, sita zinakimbia pamoja, hii inatupa, ile inazuia, alama zinapanda upande huu na huu, na mechi inaisha kwa muda wa kama dakika mbili na nusu wakati bado unatafuta pa kuangalia. Mwenye mtoto wake ndani anaona. Mwingine anaona vumbi. Hatusemi ni mchezo mbaya, hata kidogo. Pale tuliona kundi moja likiazima vyombo kwa wapinzani wao mbele ya mechi, na wapinzani wakawapa, juu Flowers aliwafundisha kwamba unaweza kushindana kwa nguvu zako zote na bado ukamheshimu mwenzako. Hilo tunalichukua. Zile roboti sita tunawaachia wenyewe.

Katika mkutano wa kundi, ndugu mmoja wa kalasi ya nne (yuko anasoma hapa na kucheka) alisimama na kusema: "Mapigano tu! Tufunge nyundo na misumeno, televizio itakuja mbio." Hakudanganya. Uingereza BBC ilionyesha roboti zinazopigana tangu 1998, na Wamarekani walifuata mwaka 2000, na watu waliangalia. Swali lile la macho liko pale pia, nani atabaki mzima, hata mtoto analijua. Tulibishana mpaka kengele ya kulala. Jibu halikutoka kwa wanadini, lilitoka kwa msichana wetu. Aliuliza: "Nyundo ikivunja ile moteri, kuko mashini ingine ya kuchapa yenye kufa wapi?" Kimya. Wale wa Ulaya wakivunja wananunua. Sisi moteri moja tuliingoja miezi miwili.

Sasa tufike kwenye neno zito, ambalo kwa kweli ndilo limetufanya tushike kalamu.

Mwaka 2017 palikuwa na mashindano ya roboti ya vijana wa ulimwengu mzima mjini Washington, nchi zaidi ya 150. Tafuteni habari zake za mwaka ule, mutaona magazeti na televizio yalisema mambo mawili. La kwanza, wasichana wa Afghanistani walinyimwa viza mara mbili, kiisha wakaruhusiwa dakika ya mwisho. La pili, vijana sita wa Burundi, jirani zetu, walitoweka mwisho wa mashindano. Polisi ikasema wawili walionekana wakiingia Kanada. Ulimwengu mzima ulijua viza ya hawa na kupotea kwa wale. Lakini roboti ya Burundi ilifanya nini uwanjani? Ilikwama? Ilipata alama? Muulize mtu yeyote. Tulitafuta katika ile simu, picha za vijana zilikuwa nyingi, uso kwa uso, kama za wezi. Picha ya mashini yao ikiwa kazini hatukuipata.

Hatuwacheki, na hatuhukumu waliotoweka, kila mtu anajua nyumba yake inavuja wapi. Tunasema habari ya televizio. Inapenda machozi kwa sababu machozi hayahitaji kuelezwa, ni kama goli. Na sisi tulilijua jambo hilo bila kufundishwa na mtu. Siku ile, mtangazaji alipoona roboti imelala, alitusogelea akasema kwa sauti ya chini: "Kapitene, sema basi munateseka namna gani." Tukasema. Tulisema hatuna kitu, tunasoma bila vyombo, moto wa umeme unakatika, tunaomba watu wa moyo mwema watusaidie. Tuliinamisha hata kichwa kidogo. Ndiyo maneno waliyoyaonyesha, munakumbuka. Wakubwa walitupongeza, "umesema vizuri sana." Msichana hakutupongeza. Alikuja mlangoni mwa chumba cha kulia, akasema mbele ya watu: "Mulituombea sadaka. Kamashini yangu haikuwa inaomba."

Tulikasirika siku mbili. Siku ya tatu tulikwenda kumwomba msamaha, akasema sawa, tena akatupa kopo la misumari tupange kwa ukubwa.

Basi mpango wetu kwa Bwana Prefe ni huu. Kazi ya roboti itakuwa misalaba ya shaba. Sisi watu wa Katanga tunajua kwamba babu zetu waliyeyusha shaba katika tanuru za udongo, wakaimwaga katika umbo la msalaba, na misalaba hiyo ilikuwa fedha yao ya sokoni mbele ya Wazungu kufika. Roboti itachukua misalaba midogo (tutaikata katika makopo, shaba yenyewe bei yake iko juu) toka tanuru, ivuke daraja nyembamba juu ya mto wa kitambaa cha buluu, iipange sokoni. Roboti mbili tu uwanjani, kila moja na daraja lake, dakika tatu. Anayepeleka msalaba mmoja mmoja anaenda salama lakini polepole. Anayebeba mitatu anaweza kushinda, anaweza pia kumwaga yote mtoni. Nyumbani watu watabishana: abebe mingapi? Hatutaeleza programu kwa mtu.

Mtaona hatujachagua kitu cha ajabu. Kumbukeni zile roboti za barabarani, askari wa chuma wenye mikono na taa nyekundu na kijani, waliotengenezwa na injinia mama Thérèse Izay Kirongozi na wenzake, na kuwekwa Kinshasa mwaka 2013. Lubumbashi pia ilipata zake. Zina urefu kama wa mita mbili na nusu, zinakula nguvu ya jua. Televizio za ulimwengu mzima zilikuja kuzipiga picha. Juu ya nini? Ndani yake kuna ufundi mwingi usioonekana, lakini mkono ukinyooshwa gari linasimama, na kila mtu anajua maana ya mkono ulionyooshwa.

Kamera tunaomba ikae chini, usawa wa meza, ndani ya ukumbi na taa mbili. Mwenye kamera akitaka jua, safari hii tutamkatalia kwa adabu. Mtangazaji hatakuwa sisi. Atakuwa yule ndugu wa dortwari ya pili anayetangaza mechi za Mazembe usiku mpaka msimamizi anakuja na fimbo, na atatangaza Kiswahili. Baba zetu bado wanasimulia Desemba 2010 kule Abu Dhabi, Mazembe walipowapiga Internacional wa Brazili 2-0, na golikipa Kidiaba akarukaruka uwanjani kwa matako. Wakisimulia wanaanza na matako, mabao yanakuja nyuma. Tunataka mtangazaji mwenye macho ya kuona vitu kama hivyo: nani anauma kucha, nani anafumba macho roboti ikiwa darajani.

Tena tunaomba jambo ambalo walimu wawili wamelipinga. Roboti ikikwama, kamera isigeuke. Kila kundi litakuwa na dakika moja ya kutengeneza mbele ya watu wote, bisibisi mkononi, saa ikihesabu. Mwalimu mmoja alisema tutaaibisha masomo. Labda. Lakini tulipoona filimu za Wajapani, ukumbi ulinyamaza zaidi pale mashini ilipokufa kuliko pale iliposhinda, na mashini ilipoamka watu wazima walisimama. Machozi kama hayo tunayakubali.

Msichana tulimwomba aseme mbele ya mikro. Alikataa kabisa. Anasema kama wanataka wapige picha mikono yake, inatosha. Tumeandika hivyo katika mpango, sehemu yake, kwa maneno yake.

Mafuta ya jenereta bado hayajapatikana. Batri ya pili tunaitafuta. Mwenye mjomba anayetengeneza pikipiki atuone baada ya ibada.

Siku ya Posho iliyopita tulikwenda kwa nkambo, sisi na msichana. Tulichora uwanja mzima kwenye udongo kwa kijiti: tanuru hapa, mto, daraja, soko. Hatukueleza mengi. Nkambo alitazama, akaokota kijiwe, akakipitisha darajani kwa kidole chake mwenyewe mpaka sokoni. Akarudi kuchukua kingine. Hicho kikamponyoka kati ya daraja. "Sasa huyu ameangukia mu mto," akasema. "Mwenzake anaweza kumuokota, ama msalaba umekwisha kupotea?"

Sheria hiyo hatukuwa tumeiwaza. Tuliangaliana. Msichana akatoa daftari.